Saruji Juu ya Mchicha

"Eda inaisha leo, Hawa, na wewe unapalilia tu kama huna habari?"

Hawa hakuinua kichwa. Aliendelea kung'oa magugu katikati ya matuta ya muhogo, shambani kwa mama yake, kijijini Msimbati, alikorudi na begi moja siku Sudi alipompa talaka.

"Nifanye nini, mama? Nikampigie magoti?"

"Nnauliza tu. Hata ujumbe hujamwandikia?"

"Nimemwandikia asubuhi."

Mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu cha mpakani. Hawa alipanda pale na simu yake. Alikuwa ameandika: "Eda inaisha leo. Kama una neno la kunirejea, sema." Jibu lilikuwa limefika: "Najua. Kaa kwa amani."

Talaka ilikuwa moja. Neno moja la mumewe lingemrudisha nyumbani, na hilo neno halikuja. Hawa alikaa juu ya kichuguu akalia. Alimpenda Sudi, hilo hakuwahi kulificha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa uwanja. Sudi alikuwa dereva wa kampuni mjini, na alijenga nyumba nzuri Rahaleo. Nyuma ya nyumba hiyo Hawa alilima vituta vya mchicha, bamia na kunde. Alikuwa amechoka kununua kila kitu mpaka limau. Alitamani kupika alichokipanda, kama alivyolelewa. Sudi aliona haya mbele ya wenzake. Siku moja Hawa akarudi kutoka msibani, akakuta mafundi wamemwaga saruji uwanja mzima, mchicha uko chini yake.

"Mboga zimejaa sokoni," Sudi alisema. "Sikukutoa Msimbati uje kulima Rahaleo."

"Ungeniuliza."

"Nyumba yangu, nikuulize?"

Hawa alichukua jembe akaitwanga saruji ile iliyoanza kukauka, majirani wakichungulia. Hapo ndipo Sudi alipoitamka talaka. Ulimi hauna mfupa.

Mwezi uliandama, ukapevuka. Asubuhi moja Sudi akatokea shambani kwa miguu.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa," alisema Bi Mwanaisha, mama yake Hawa, na mkeka hakutandika. "Ntu analala mpaka eda inaisha, ndo anaamka? Huyu si mkeo tena."

"Nalijua hilo, mama. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Akamgeukia Hawa.

"Shehe aliniambia, ndani ya eda naweza kukurejea hata kama hutaki. Neno langu linatosha, lako haliulizwi. Nikaona hiyo itakuwa saruji ya pili. Nikasubiri uwe huru. Leo unaweza kunikatalia."

"Ungeniambia nikusubiri. Nimelia hapa peke yangu, Sudi."

"Niliogopa ungenisubiri kwa huruma tu. Hapo nilikosa. Nisamehe."

Bi Mwanaisha akaingilia. "Posa huletwa na wazee."

"Watakuja Ijumaa, mama, kama yeye ataniruhusu. Nimetangulia kumuuliza mwenyewe."

Mama alimtazama binti yake kwa muda. Kisha akajitwika ndoo iliyojaa maji, akaaga kwamba anakwenda kisimani kuchota.

"Na mahari?" Hawa aliuliza walipobaki wawili.

"Taja wewe, ni haki yako."

"Uwanja wa Rahaleo. Saruji yote ing'oke."

Sudi akafungua viganja. Malengelenge mengine yalikuwa yamepasuka, mengine yameshageuka sugu.

"Nimeing'oa mwenyewe. Kila jioni nikitoka kazini, majirani wakinicheka. Udongo umeonekana, Hawa, lakini sijui kupanda kitu."

Hawa alivishika viganja vile. Machozi yakamtoka tena, na safari hii hakwenda kujificha.

"Basi mahari yangu ni jembe," alisema. "Jipya. Lile langu lilivunjika kwenye saruji yako."

Ijumaa wazee wakaja, ndoa ikafungwa palepale barazani kwa Bi Mwanaisha, jembe likiwa limewekwa juu ya mkeka mbele ya shehe. Wapo waliocheka chinichini. Jioni Hawa aliaga akiwa na mzigo wa miti ya muhogo kichwani, ya kupanda Rahaleo. Sudi alimfuata nyuma, na mbele ya kijiji kizima alikuwa amelibeba jembe begani.