Mbwa Wasiobweka

Walikutana kwenye ngazi za jengo la maduka, saa sita mchana, watu wakisukumana kama siafu kwa sababu lifti ilikuwa imekwama. Yeye alikuwa mshona mapazia, mwenye chumba cha kazi ghorofa ya nne. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya udongo, begani amebeba jora la kitambaa, na nyuma yake alifuata mbwa mzee wa kahawia aliyepanda ngazi kwa kuchechemea. Ghorofa ya pili walimkuta fundi wa lifti, ovaroli lake la buluu limejaa grisi, akiwaomba watu radhi kana kwamba lifti ameiua yeye. Alilipokea lile jora bila kungoja kuombwa.

"Huyu mlinzi wako ananitazama vibaya," alisema walipofika juu, pumzi zikimpaa.

"Si mlinzi. Ni Karani. Kila anayeingia kwangu hupita kwake kwanza."

"Basi anipe fomu nijaze."

Mshona mapazia alicheka, na moyo wake ukawa umeshaondoka na yule fundi. Simu zikafuata, kila mchana na kila jioni. Fundi alimwita malkia, naye akamwita Bwana Ngazi, maana tangu siku ile hawakuwahi kupanda lifti pamoja. Karani alikuwa mbwa wa marehemu baba yake. Mzee alipofariki, mbwa alihamia mlangoni kwa binti, na kwa miaka sita hakulala mbali naye hata usiku mmoja.

Mwezi wa tano mama yake fundi akasema anataka kumwona huyo anayemfanya mwanawe aimbe bafuni. Safari ilikuwa ya siku nzima, na wangekaa siku nne. Mama huyo alikuwa na pumu. Manyoya ya mnyama yakimkaribia, kifua kinabana. Mdogo wake mshona mapazia, ambaye angeweza kubaki na mbwa, alikuwa amejifungua juzi tu. Fundi ndiye aliyekipata kituo cha kulelea mbwa, nje kidogo ya mji, akakisifia njia nzima.

Mwenye kituo alikuwa mama nadhifu, koti lake jeupe limenyooshwa pasi, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Chumba cha mapokezi kilinuka dawa ya sakafu, kali hata macho yakawawasha. Akawaambia ana mbwa ishirini na wawili. Mshona mapazia alitega sikio, asisikie hata mmoja. Alipoomba kuona vyumba vya nyuma, akajibiwa kwa upole kwamba wageni huwavuruga mbwa. Karani alijilaza chini akagoma. Wakamvuta kwa kamba, kucha zake zikikwaruza vigae, mpaka mlango wa chuma ukafungwa.

"Mbona kimya hivi?" aliuliza walipoingia garini.

"Wamefundishwa adabu, mpenzi. Ndiyo kazi yao."

Moyo ulimkataa. Lakini mama mkwe alikuwa anasubiri, naye akameza wasiwasi wake kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, akitumaini utashuka wenyewe.

Mama mkwe, mkunga mstaafu, alimpenda mara moja. Alimshika mikono akaigeuza, akasema hii ni mikono ya kazi, nyumba itasimama. Na kila asubuhi kituo kilituma picha: Karani amelala juu ya blanketi alilomshonea, macho wazi. Siku ya kwanza alifurahi. Ya pili alifurahi kidogo. Ya tatu aliziweka picha zote pamoja akazitazama kwa jicho la kazi yake. Pembe ya blanketi ilikuwa imekunjika vilevile katika zote, mikunjo mitatu, kivuli kimeangukia mahali palepale. Na kitambaa, alijua yeye, hakikunjiki namna moja mara mbili, sembuse tatu.

Alipiga simu. Akaambiwa Karani amekula vizuri, sasa amelala. Akapiga tena, simu ikalia mpaka ikakatika. Alipomweleza fundi, yule bwana aliigeuza simu yake kifudifudi mezani, akasema tusubiri kesho, tusimvunje mama moyo. Hakumtazama machoni alipokuwa akisema. Mshona mapazia akaingia chumbani kufunga mkoba.

Walifika kituoni alasiri ya siku iliyofuata. Mwanamke mfagiaji aliwafungulia lango, akanyoosha tu kidole kuelekea nyuma. Huko vizimba vilipangwa safu mbili, na ndani yake mbwa wamelala macho wazi, udenda ukiwatiririka, kama walevi. Walitiliwa dawa ya usingizi kwenye maji. Karani alikuwa kizimba cha mwisho, juu ya saruji iliyolowa, pua imechunika kwa kutafuna nyavu za chuma, meno mawili yamevunjika. Blanketi halikuwepo.

Mwenye kituo alikuja nyuma yao, bila haraka.

"Mimi nilimpigia mumeo siku ya pili," alisema kwa sauti ileile laini. "Nikamwambia mbwa hali chakula, anatafuna vyuma. Aje kumchukua, au tumtulize. Akasema mtulizeni."

Mshona mapazia aligeuka.

"Ulijua?"

"Nilidhani ni siku mbili tu," fundi alisema, akitazama chini. "Mama alikuwa na furaha, nawe ulikuwa na furaha. Sikutaka kuiharibu."

"Ukaniangalia nikizitazama zile picha."

Fundi alipotaka kumsaidia kumbeba mbwa, mkono wake ulisukumwa kando.

Daktari wa mifugo alisema figo zimeumia, atasubiri vipimo vingine. Wiki tatu zikapita. Simu za fundi zililia zikanyamaza zenyewe. Kisha siku moja mteja mmoja, mke wa mwalimu, alipokuja kupimiwa mapazia, alimsimulia kuhusu mwanamume wa ovaroli la buluu anayesimama kila mchana mbele ya kituo cha mbwa.

"Hakutukana mtu," alisema yule mama. "Alituambia, mimi nilipigiwa simu kutoka hapa, nikaruhusu mbwa atiliwe dawa, nikamficha mwenye mbwa jambo hilo. Msiniamini mimi, ombeni tu kuona kule nyuma. Tukaomba, tukakataliwa. Tukarudi na mbwa wetu."

Jioni ile alimpigia. Alimwambia aje, ila asije na maneno matamu.

Fundi alikuja, shavu lina mkwaruzo. Walinzi wa kituo walikuwa wamemsukuma ukutani. Karani aliposikia hatua zake alijivuta chini ya meza ya cherehani, akitetemeka. Fundi hakumkaribia. Alikaa sakafuni, mgongo mlangoni.

"Nimekuja na moja tu," alisema. "Bado nataka kukuoa."

Mshona mapazia aliendelea kukata kitambaa mpaka mwisho wa mstari.

"Kumpoteza mbwa naweza kuvumilia, huyu ni mzee," alisema. "Ninachoogopa ni siku daktari atakapokupigia wewe kuhusu mimi, au mwanetu, halafu ukaja nyumbani ukitabasamu. Nikiolewa nawe, kila baya nilisikie siku hiyohiyo."

Fundi alitoa simu mfukoni, akaiweka sakafuni, kioo juu.

"Basi kuna moja la leo," alisema. "Daktari alinipigia saa tisa, namba yangu anayo tangu siku tulipompeleka Karani; simu yako ilikuwa imezimwa. Majibu yametoka. Figo zimekwisha. Wiki moja, pengine mbili."

Mkasi ulisimama. Kwenye ngazi nje watu walishuka wakizungumza, wakapita, pakawa kimya. Mshona mapazia aliushika ukingo wa meza, akateremka kutoka kitini taratibu, machozi yakimdondoka kwenye mikono, akakaa sakafuni karibu na mahali mbwa alipojificha. Hakumtazama fundi. Alipapasa tu sakafu pembeni yake, mara mbili.

"Sogea," alisema. "Polepole, asishtuke."