Mbili Haiko Zero

Hutaamini, lakini soma mpaka mwisho. Mwelwa, mtoto wa miaka kumi na miwili, alikataa shule wiki mbili. Mama yake alimgombeza kwa simu kutoka Kasenga, alikokwenda kununua samaki. Wapi! Katekista alikuja kumwombea. Wapi! Mwalimu alituma barua mara mbili, na barua zikalala juu ya meza. Halafu swali moja la maneno matano, kutoka kwa mtoto mwenzake, likafanya kile ambacho wakubwa wote walishindwa. Maneno matano tu! Na ujue, mara ya kwanza mtoto huyo aliharibu kila kitu.

Jina lake ni Wivine, miaka kumi na mitatu, wa mtaa wa Kampemba. Kila asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ikimuuma masikio, alichota maji, akafagia kiwanja, akanywa chai na mikate miwili, kisha akakimbia shuleni. Ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya madirisha ya darasa, Kambo Madeleine, bibi wa mtaa, alikuwa amekwisha kupanga makala yake ya kuuza, makaa ya kupikia.

"Jambo, Kambo!"

"Jambo, mbanda wangu! Kimbia, kengele haikungoji!"

Mbanda ni mke mwenza. Ndivyo bibi yule alivyowatania wasichana wote. Watoto wa kiume wote aliwaita "bwana yangu".

Sasa, Wivine alikuwa na mdomo. Ukimwambia kichwa kinauma, alikutajia dawa tatu kabla hujasema ni upande gani. Guelord, wa benchi la nyuma, alimwita Docteur Mdomo. Kwa hiyo darasa lilicheka sana Madame Michelle, mshauri wa shule, alipomchagua aingie katika kikundi cha wanafunzi wa kusikiliza wenzao.

"Docteur Mdomo atasikiliza?" Guelord alipiga kelele. "Na masikio gani?"

Kila Jumamosi Madame aliwafundisha. Mazungumzo ni mafupi, dakika kumi tu. Usimpe mtu dawa, tafuteni pamoja. Muulize anataka nini kibadilike. Muulize yuko wapi, kutoka zero, siwezi kabisa, mpaka kumi, naweza sana. Muulize hatua ndogo ya kesho ni ipi. Na ukisikia jambo la hatari, usilifiche, lilete kwa mtu mkubwa.

Wivine aliandika yote kwenye kaye, daftari lake. Aliyajua kwa kichwa!

Jumatano mwalimu akatangaza: mtihani ni Ijumaa. Atakayekosa atarudia mwaka. Macho yote yakageukia nafasi tupu ya Mwelwa. Wiki mbili! Alionekana Jumatatu moja tu, na hata siku ile alitoroka kabla ya rekre, saa ya mapumziko.

Jioni Wivine akaenda kwao. Mwelwa alikuwa anakoroga bukari, ugali wa jioni, mdogo wake Élie, wa miaka minne, amekaa karibu kabisa na mguu wake, kofia nyekundu ya sufu kichwani.

"Mwelwa, kutoka zero mpaka kumi, kurudi kwa masomo, uko ngapi?"

Mwelwa aliacha kukoroga. Alifikiri kweli. "Mbili."

"Mbili juu ya kumi? Ah, mwenzangu, umeanguka! Lazima ufike hata tano. Sikia: ulale mapema, uamuke mapema, umwachie Élie jirani yeyote..."

Aliendelea, akaendelea. Alipovuta pumzi, Mwelwa alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Hata hapa munanipa pointi? Enda kwenu, Wivine."

Mlango ukafungwa.

Usiku ule Wivine hakumaliza chakula. Alhamisi asubuhi alimngoja Madame Michelle kwenye ngazi, akamweleza yote. Madame hakumgombeza.

"Mulikaa dakika ngapi?"

"Kumi, Madame."

"Weye uliongea ngapi?"

Wivine akahesabu. "Tisa."

"Mbili haiko pointi ya mwalimu, Wivine. Muntu akikuambia mbili, iko na kitu kwa mukono. Hukumuuliza ni kitu gani."

Eh! Siku hiyo masomo yalikuwa marefu kama wiki. Kengele ilipolia, Wivine alikimbia. Ikiwa Mwelwa hatafungua, basi, mwaka wake umekwenda. Akagonga. Akagonga tena.

"Mwelwa, ni miye. Jana nilikosea. Nilikupa pointi kama mwalimu. Unisamehe. Niko na swali moja tu."

Mlango ukafunguka kidogo. Jicho moja.

"Ulisema mbili. Juu ya nini haiko zero?"

Nakuambia, ndilo lile swali: kwa nini si zero? Wivine alikuwa na majibu manane mdomoni. Aliuma ulimi. Mpaka leo anasema hakuna kazi nzito aliyowahi kufanya kuliko ile.

"Juu ya Jumatatu," Mwelwa akasema polepole. "Jumatatu niliweza. Nilimwacha Élie kwa Kambo Madeleine. Nilikaa kwa dirisha, nikaona kofia yake nyekundu. Nilikuwa naandika, naangalia kofia, naandika. Halafu mwalimu akanipeleka kwa ukuta, juu sikuwa nafuata ubao. Sikuona kofia tena. Nikakimbia."

"Uliogopa nini?"

"Ile siku homa ilimushika Élie, miye nilikuwa kwa masomo. Akapigwa na degedege, peke yake na jirani mwenye hakujua kitu. Malaria. Docteur alisema tulimufikisha dakika ya mwisho. Mama akinipigia simu, simwambii. Atarudi mbio na samaki zitaoza."

Kumbe! Si uvivu. Si kiburi. Wivine alitaka kulia, akajizuia.

"Na nini inaweza kutoa mbili, kuifanya tatu?"

Mwelwa alijipangusa pua. "Dirisha," akasema. "Wanirudishie dirisha."

"Nani anaweza?"

"Madame Michelle... Miye njo nitamuuliza. Lakini weye unisindikize."

"Na hii ya mama yako kutokujua, tumuambie Madame pia? Iko nzito kwetu wawili."

Mwelwa akatikisa kichwa: ndiyo.

Jioni ile Mwelwa akamuuliza Madame mwenyewe; Madame akazungumza na direkta, mkuu wa shule, na Mwelwa akapewa benchi la dirishani. Kisha Madame akampigia mama simu, Mwelwa akiwa pembeni. Mama alilia, akasema anapanda gari. Kambo Madeleine akaahidi kuwa mahali pake saa moja kamili. Yote yamekwisha, si ndiyo?

Hapana! Ijumaa, saa moja na dakika ishirini na tano, nafasi ya Kambo ilikuwa tupu. Kasha lake tu, na vumbi jeusi. Mwelwa alisimama mlangoni mwa shule, Élie mgongoni, miguu imeganda.

"Dakika tano nafunga!" Papa Faustin, mlinzi, aliita.

Wivine alifungua mdomo. Mwachie mlinzi! Mpeleke kwetu! Mashauri yalimjaa mdomoni. Akayameza.

"Mwelwa, sasa uko ngapi?"

"Moja."

"Juu ya nini haiko zero?"

"Juu... niko hapa. Sikurudi nyumbani."

"Dakika tatu!"

"Na nini inaweza kuifanya mbili?"

Mwelwa akatazama barabara. Akatazama dirisha. Akamwona Madame Michelle kwenye ngazi, ndani ya kitenge chake kizuri cha njano, na ghafla akamwendea.

"Madame, unaweza kukaa pale? Kwa kasha ya Kambo? Na Élie asitoe kofia?"

Madame alimpokea Élie, akavuka barabara, akakaa juu ya kasha la makala, kitenge cha njano na vumbi na vyote. Mwelwa akakimbia. Mlango ukafungwa nyuma ya kisigino chake.

Kule darasani Wivine alimwona mwenzake akiandika, anaangalia nje, anaandika. Baadaye Kambo Madeleine akafika akihema. Baiskeli inayomletea makala ilikuwa imetoboka gurudumu njiani, naye akaifuata.

"Eh, Madame!" sauti yake ilifika mpaka ndani. "Umeninyang'anya bwana yangu!"

Darasa zima likacheka. Mwelwa pia, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Saa tano alitoka, vidole vimejaa wino, akamnyanyua Élie juu.

"Nne!" akamwambia Wivine, kabla hajaulizwa.

"Docteur Mdomo," Guelord akasema, "umemupa dawa gani?"

"Sikumupa kitu."

Madame Michelle alikuwa anakung'uta kitenge, wapi, weusi hautoki. "Ni kweli, Guelord, hakumupa kitu," akasema. "Dirisha, kofia, hata hii kasha yenye imeniharibia nguo, vyote ni vya Mwelwa. Sisi wakubwa tulimwambia cha kufanya wiki mbili. Hakuna aliyemuuliza nini alikuwa ameshaweza. Ukitaka kumusaidia mwenzako, anza pale, hata kama ni padogo. Kisha unyamaze umusikie."

Na wewe unayesoma? Dakika tatu zimebaki, mlinzi ameshika mlango, mwenzako ameganda mbele yako, na majibu manane yanakuwasha mdomoni. Ungefanya nini?