Kambare wa Babu Hobart

Kila alasiri akitoka shule, Delphia Stiltner alipitia barazani kwa Babu Hobart, jirani yao, kumsaidia kumenya matufaha. Kusema kweli, kilichompeleka ni masimulizi. Katika milima ile ya West Virginia hakuna aliyemfikia Babu Hobart kwa uongo mtamu. Mashindano ya waongo ya kila vuli alikuwa ameyashinda mpaka wenzake wakakata tamaa. Lakini baridi iliyopita maradhi yalimshika koo, sauti ikabaki mnong'ono.

"Mwaka huu nenda wewe, mjukuu wangu," alimwambia. "Tunga uongo wako."

Delphia alitunga, akafuta, akanuna. Siku ya mashindano ilipofika, hakuwa na kitu. Aliposimama jukwaani, watu wote wakimkodolea macho, aliona hana njia ila kusimulia hadithi ya kambare, ambayo Babu Hobart alimsimulia yeye tu. Kambare mkubwa ajabu! Alipovuliwa, mto ulikauka, bata wakaanza kutembea kwa miguu, na mwenye kinu cha maji akaja analia, "Jamani, mrudisheni, nisage mahindi yangu!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Bi Nettie, mwenye duka la mjini, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alikuja na utepe wa buluu wa mshindi huku akijifuta machozi.

"We mtoto, muongo we! Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimetunga mwenyewe," Delphia akajibu.

Katika safu ya mbele, Babu Hobart alikuwa akipiga makofi. Mikono yake ikasimama. Hakukasirika, aliinamia kofia yake magotini, kisha akaendelea kupiga makofi polepole. Delphia akaona haya mpaka masikio yakamchoma. Alimpenda mzee yule kuliko utepe wowote, na sasa amemnyang'anya kambare wake, naye hana hata sauti ya kulalamika.

"Subiri, Bi Nettie," alisema, machozi yakimlengalenga. "Si yangu. Ni ya Babu Hobart. Nimeichukua bila kumwomba."

"Kwani haya si mashindano ya waongo?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Mpe mtoto utepe wake!"

"Wapi!" Bi Nettie akamjibu. "Hapa tunadanganya juu ya samaki, bwana. Juu ya watu hatudanganyi."

Akashuka, akaubandika utepe kwenye kofia ya Babu Hobart. Mzee akamwita Delphia kwa kidole, akamkumbatia.

"Hadithi ya mwenzio isimulie, mwanangu," akanong'ona. "Itie chumvi utakavyo. Ila mtaje aliyeipika." Kisha akatabasamu. "Halafu umekosea. Bata hawakutembea. Walipanda basi."

Delphia akacheka na machozi yake. Akapanda tena jukwaani, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka wa nyuma wakamsikia:

"Babu Hobart anasema bata hawakutembea! Walipanda basi!"