Bitana ya Roshani

"Hivi hiyo roshani yenu ni ya kukaa watu, au mmeijenga ili tuitazame sisi tunaopita?"

Swali hilo aliliuliza jirani mwenye duka ng'ambo ya barabara, siku Chiriku alipokwenda kununua sabuni. Jirani alicheka, na wateja wake wakacheka. Chiriku hakucheka. Alichukua sabuni yake, akavuka barabara, akasimama mbele ya nyumba yao akiitazama ile roshani.

Baba yake ndiye aliyeijenga, juu ya chumba cha Bibi, kabla hajapata kazi ya kuendesha greda katika nchi ya mbali. Jioni walikuwa wakitandika mkeka pale juu, Chiriku akimsomea baba kitabu cha shule. Baba alikuwa akisinzia na kukana kwamba anasinzia. "Nimefumba macho ili nisikie vizuri," alikuwa akisema. Sasa mlango wa roshani ulikuwa umepigiliwa ubao. Sakafu yake ilikuwa imepasuka, na kila mvua iliponyesha, maji yalipenya na kudondokea chumbani kwa Bibi.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Chiriku aliingia kumwamkia Bibi na kumwaga beseni lililokinga maji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tazama baraka hizi. Mtaa mzima ni mimi tu ninayenyeshewa ndani."

"Bibi nawe! Huoni hata vibaya?"

"Nione vibaya nini? Namshukuru Mungu kwamba tone linadondokea beseni, halidondokei pua."

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema kwa mtu. Alimkumbuka baba yake mpaka kifua kikamuuma. Alikuwa akienda kusimama nyuma ya ule ubao, akichungulia roshani kupitia upenyo, kana kwamba mkeka bado umetandikwa.

Ndipo baba alipopiga simu. Alikuwa amepata likizo fupi, angefika mwisho wa mwezi. "Tandika mkeka roshani, mama," alimwambia Chiriku. "Nakuja kusinzia."

Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo hapo hapo nyumbani, aliita mafundi wawili waje kuona kazi.

Wa kwanza watu walimwita Chapuchapu. Alikuja na shati jeupe na simu iliyojaa picha. Alipanda juu, akazunguka mara moja, akapiga ukingo wa chuma kofi la kirafiki.

"Mama, hii kazi ndogo. Napaka dawa yangu hapa, kesho kutwa mnakunywa chai huku juu."

"Na mvua ikinyesha?" Mama aliuliza.

"Mvua? Ikifika hapa itaomba radhi irudi ilikotoka!"

Chiriku alicheka kwa sauti. Akampenda palepale.

Wa pili alikuwa fundi mwanamke, jina lake la kazini Mama Nondo. Huyu hakupanda juu. Alianzia chumbani kwa Bibi, akamwamkia, akaomba stuli. Aligonga dari kwa mpini wa nyundo, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Mnasikia? Pale panajibu, hapa panalia kama debe tupu. Plasta imeachana na zege. Nondo za ndani zimeshika kutu. Bibi yangu, kitanda hiki kisilale hapa. Kisogezeni ukuta ule."

"Ukuta ule hauna dirisha," Bibi alilalamika.

"Hauna dirisha, lakini hautakuangukia."

Kitanda kikasogezwa. Kisha Mama Nondo akapanda, akaeleza kazi jinsi ilivyo. Plasta mbovu ibanduliwe, kutu isuguliwe, sakafu iwekwe mteremko ili maji yakimbilie kwenye tundu la kutolea maji. Halafu ipakwe dawa ya kuzuia maji, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke. "Baada ya hapo tunaziba tundu na kulaza maji," alisema. "Maji yalale juu, sisi tukae chini tunaangalia dari. Ikibaki kavu, ndipo naweka vigae. Dawa ile ni kama bitana ya koti. Mtu haioni, lakini ndiyo inayolibeba koti."

Mama alitabasamu. Mshonaji alikuwa ameambiwa kwa lugha yake.

"Itakuwa tayari mwisho wa mwezi?" Chiriku alidakia.

"Haitakuwa, mwanangu. Nikikwambia itakuwa, nitakuwa nimekudanganya."

Chiriku alimchukia palepale.

Jioni hiyo alimfuata mama yake kwenye cherehani. "Mama, tumchukue Chapuchapu. Tafadhali. Baba amesema nitandike mkeka."

Mama alisimamisha cherehani. "Kazi ya Mama Nondo nimeiona kule zahanati, nilipopeleka mapazia. Ya huyu mwingine nimeona picha tu. Mimi nguo ya mtu siisifu mpaka niigeuze nione ndani. Anasema ametengeneza roshani ya mwoka mikate. Kesho ukitoka shule pitia pale. Ningekwenda mwenyewe, ila hizi sare nimeahidi. Na usiishie kutazama juu. Ingia chini yake, uangalie dari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Kwa mwoka mikate, mkewe alikuwa amejaa unga mpaka viwikoni na wateja wamejazana dirishani. "Panda tu, mwanangu, ukaangalie," alisema Chiriku alipoeleza alichotumwa.

Chiriku alipanda. Sakafu ya roshani ilikuwa nyeusi ti, inang'aa kama kiatu kipya. Alipoikanyaga, alijiona amekaa na baba, kitabu mapajani, baba amefumba macho. Alisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akashuka, akaingia stoo iliyokuwa chini yake. Magunia ya unga yalikuwa yamesogezwa yote upande mmoja na kufunikwa nailoni. Aliinua macho. Dari ilikuwa na duara la manjano, pana kama sinia, na katikati yake tone la maji lilikuwa likijaa polepole. Likadondoka.

"Umeona?" aliuliza mke wa mwoka mikate.

"Nimeona."

"Basi mwambie mama yako vilevile ulivyoona."

Njia nzima Chiriku alitembea akiangalia vidole vya miguu yake.

"Enhe," Mama alisema alipomwona, sindano midomoni. "Juu pakoje?"

"Panang'aa, Mama, kama kiatu kipya!"

"Na chini?"

Mdomo usiochoka ulichoka. "Chini… ni stoo tu. Wameweka magunia ya unga."

Kila neno lilikuwa la kweli, lakini yote pamoja yalikuwa uongo. Mama alimtazama, akatazama rundo la sare, akaamini. Nani angeweka unga mahali panapovuja?

Chapuchapu alikuja na pipa la lami na wimbo mdomoni. Hakubandua kitu. Alifagia vumbi, akamwaga lami juu ya nyufa, akapaka ukingo rangi ya fedha. Kabla ya jua kuzama alikuwa amechukua malipo yake yote na kuondoka. Roshani iling'aa. Ubao ulibanduliwa mlangoni. Jirani wa dukani alipiga mluzi wa kusifu. Bibi naye, kwa kuwa sasa roshani imekuwa nzima, aliomba kitanda chake kirudishwe dirishani.

Chiriku ndiye aliyeshika mguu mmoja wa kitanda kukirudisha. Kilikuwa kizito ajabu.

Mvua ilikuja mchana wa siku iliyofuata, Bibi akiwa amejipumzisha baada ya sala. Chiriku alikuwa akifuta vyombo, masikio yake yote chumbani. Hakusikia tone. Badala yake alisikia mlio mdogo, kama mtu anayekunja gazeti. Akakimbia.

Dari juu ya mto wa Bibi ilikuwa imevimba kama tumbo la mbuzi.

"Bibi, amka! Amka, Bibi!"

"Kuna nini? Si nimelala sasa hivi…"

"Inuka!" Alimshika mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, mpaka wote wawili wakaanguka mlangoni.

Plasta ikashuka. Ilishuka kipande kimoja kikubwa, ikapasua mbao za kitanda, na maji machafu yakafuata.

Mama aliingia mbio na tepu ya kupimia shingoni. Aliona mto, au pale ulipokuwa mto. Akamshika Bibi usoni, mabegani, mikononi, kuhakikisha yuko mzima.

"Mungu ashukuriwe," Bibi alisema. "Lakini wewe mtoto, ulijuaje?"

Chiriku alikuwa akilia. "Niliona. Kwa mwoka mikate, chini. Dari ilikuwa imelowa, na unga wameusogeza. Nilikuwa nataka Baba akae… nilikuwa nataka tu…"

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, maji yakimpita miguuni. "Nilituma macho yako," alisema hatimaye. "Wewe ukaniletea hamu yako. Na hamu haiwezi kuona dari." Kisha akajipangusa uso kwa upindo wa gauni. "Nami nina kosa langu. Ile ilikuwa kazi ya mtu mzima, nikamtuma mtoto kwa sababu ya sare. Na nikamlipa mtu kabla mvua haijamkagua."

Alimpigia Chapuchapu simu. "Mama, mvua kubwa kama hii haikuwamo katika makubaliano yetu!" sauti ilisema. "Lakini kesho nakuja." Kesho yake simu ilikuwa imezimwa.

Aliyekuja ni Mama Nondo. Hakusema, "Si niliwaambia?" Alipanda juu, akakuta roshani imekuwa bwawa. Chapuchapu alikuwa amemwaga lami hata ndani ya tundu la kutolea maji, akaliziba kabisa. Maji yalipokosa njia, yalikaa, yakatafuta nyufa chini ya ile lami. Halafu Mama Nondo akausukuma ukingo kwa mkono mmoja. Mguu wa chuma wa ukingo ulichomoka kwenye shimo, na rangi mpya ya fedha ikapukutika. Wote walichungulia chini, kwenye saruji ngumu ya uani.

Chiriku akarudi nyuma hatua moja. Ukingo ule ndio baba yake aliopenda kuuegemea.

Baba alifika akakuta nyumba imejaa vumbi na roshani imebanduliwa mpaka kwenye zege. Chiriku alimweleza mwenyewe, yote, kabla hajaketi. Baba alisikiliza, akaenda kumkumbatia Bibi kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu vya safari, akachukua ndoo, akaanza kubeba kifusi. Chiriku alibeba ndoo ndogo nyuma yake. Likizo ilipita hivyo, katika kusugua kutu na kushikilia ngazi. Jioni walikaa kwenye vidato vya ngazi ya ndani, Chiriku akamsomea baba huko. Lakini hapakuwa na upepo wala anga, na baba alisinzia kwa uchovu wa kweli, hata hakukumbuka kukana.

Mama Nondo hakuharakishwa. Ukingo ulichimbiwa upya. Dawa ilipakwa tabaka baada ya tabaka, kwenye kona ikatiwa kitambaa cha kuiimarisha. Maji yakalazwa juu, na dari ya Bibi ikabaki kavu kama karatasi. Vigae vikawekwa. Mvua ilinyesha jioni ya mwisho ya likizo, na Bibi akakaa kitandani akiangalia juu, mikono mapajani.

"Hata maji ya kunawa sina tena," alisema, na safari hii wote walicheka.

Asubuhi baba alisimama na Chiriku kwenye mlango wa roshani, begi lake likiwa miguuni. Vigae vilikuwa vyekundu na safi. Kamba ilikuwa imekatiza mlangoni, kwa kuwa saruji yake ilikuwa haijakomaa na Mama Nondo alikuwa amekataza mtu kukanyaga.

"Baba, tuingie kidogo tu. Kidogo sana. Tusimame tu pale kwenye ukingo, halafu uende."

Baba aliangalia vigae. Akaangalia viatu vyake. Chiriku akadhani atakubali.

"Hata mimi natamani," alisema. "Kule niliko, jioni nikizima greda, hapa ndipo ninapopaona. Lakini nikikanyaga leo, nitalegeza vigae, na ninyi ndio mtakaobaki na mashaka kila mvua ikinyesha. Kutamani si kosa, mwanangu. Kosa ni kuiachia hamu iseme mahali ambapo ukweli ndio ulioulizwa. Fundi akikwambia lile unalotaka kusikia, hapo ndipo uangalie zaidi chini ya kazi yake. Na wewe ukitumwa kuangalia, sema ulichokiona, hata kama kitakunyima kitu unachokipenda kuliko vyote. Bibi yako yu hai. Roshani itanisubiri."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

Baba alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo kidogo. Kisha akaurudisha mlango taratibu, akainua begi, akashuka ngazi, akatoka.