Rufaa ya Takis Vrettos

Jumamosi asubuhi soko la Preston, jijini Melbourne, halina adabu. Watu wanasukumana, vigari vinakanyaga vidole vya watu, na wauza samaki wanapiga kelele kana kwamba samaki bado wanasikia. Despina Mavridis, mjane wa Kigiriki wa miaka sitini na sita, alikuwa amevaa koti lake jekundu na rangi ya mdomo ya kufanana nalo. Pweza mmoja tu ndiye aliyebaki mezani, na Despina alishamtia mkononi pale mwanamume mmoja alipomshika pweza yuleyule kwa upande wa pili.

"Samahani, bibie," yule mwanamume akasema. "Sikukuona."

Despina aligeuka na matusi yakiwa tayari ulimini, kisha akayameza. Masikio yale aliyajua. Yalisimama kama vishikio vya kikombe, na aliyatazama Jumapili zote za usichana wake.

"Merv Tuckwell! Refa wa mieleka!"

"Nilikuwa, zamani."

"Eti hukuniona! Kwani wewe tangu lini umeona kitu?"

Muuza samaki aliangua kicheko. Merv alikuwa mzee mrefu, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi ya mtu anayeishi peke yake na kujipenda. Alimwachia pweza, akainamisha kichwa kama mshtakiwa.

"Niadhibu kwa kahawa," akasema.

Ilikuwa lazima umjue Takis Vrettos ndipo uelewe hasira za Wagiriki wa Melbourne. Miaka ile, Jumapili mchana baada ya kanisa, hukumwona Mgiriki barabarani. Nyama ya kondoo ilikuwa jikoni, na watu wote walikuwa mbele ya televisheni, kwa sababu Takis, kijana wa Kalamata kule Ugiriki, alikuwa akipanda ulingoni kwa niaba yao. Adui yake alikuwa Baroni Ulrik, mwenye joho jeusi na kipande cha chuma ndani ya bukta. Kila Baroni alipokitoa chuma kile, refa Merv alikuwa na shughuli nyingine. Mara anafunga kamba za kiatu, mara anamkaripia mtu pembeni. Nchi nzima ilipiga kelele, "Nyuma yako, mjinga!" naye akageuka wakati chuma kimesharudi ndani. Ndivyo Takis alivyopoteza mkanda wa ubingwa, na siku hiyo nyumbani kwa kina Despina nyama ilibaki mezani mpaka ikaganda mafuta.

Kahawa ya kwanza ilizaa ya pili. Simu zikaanza.

"Umekula, Refa?"

"Nimekula mkate na sadini."

"Hicho ni chakula cha paka, baba. Kesho nakuletea pilipili zilizojazwa mchele."

"Nikizoea je?"

"Ukizoea utanioa. Itakubidi." Despina akakata simu haraka, mashavu yanamwaka kama msichana. Alikuwa ametania, lakini moyo wake haukutania hata kidogo. Alikuwa amechoka kulala upande mmoja wa kitanda.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama yake, Kalliroi, ambaye Despina aliishi naye na kumtunza, alikuwa na miaka tisini na moja na masikio ya popo.

"Mwanamume gani huyo anayekuchekesha kwenye simu?"

"Anaitwa Merv, Mama. Merv Tuckwell."

Bibi kizee aliweka kijiko chini. "Yule kipofu?"

"Mama, ni miaka hamsini sasa."

"Macho hayana pazia, lakini ya yule yalikuwa nalo! Akiingia mlangoni mwangu, mimi natokea dirishani!" Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja kwenda juu, na Despina alimjua mama yake. Angetoka kweli.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Despina hakuwa mtu wa kuolewa juu ya laana ya mama. Usiku huohuo alimpigia Merv.

"Ni jambo dogo, mpenzi. Njoo Jumapili umwambie Mama kwamba yote yalikuwa maigizo. Mwambie Takis na Baroni walikuwa wakinywa bia pamoja."

"Siwezi, Despina."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Baroni alishakufa! Takis alishakufa! Televisheni wenyewe walifuta kanda zote wakarekodi kriketi juu yake! Unamlinda nani?"

"Watu waliotazama," Merv akasema polepole. "Sisi wa ulingoni tuliapa hatutawaharibia."

"Na mimi je? Mimi ukiniharibia si kitu?"

"Despina, nisikilize..."

"Nenda kamuoe Baroni!" Akakata simu, akalia kwa hasira, kisha akalia kwa huzuni, ambayo ni mbaya zaidi.

Wiki zikapita. Merv alipiga simu, Despina akaiangalia inavyolia. Alipika bila chumvi. Alivaa sweta ya kijivu. Mama Kalliroi alimtazama siku moja akifuta macho kwenye sinki, akasema, "Leo vitunguu hivyo vya kukuliza viko wapi, mbona mimi sivioni?"

Jumapili moja mchana kengele ya mlango ililia. Despina alifungua, akapigwa na butwaa. Merv alikuwa amesimama na maua mkononi, amevaa shati jeupe la urefa na tai ndogo nyeusi ya kipepeo. Vifungo vya tumboni vilikuwa vinapigania uhai wao.

"Umerukwa na akili?" Despina akanong'ona. "Nenda zako kabla Mama hajaruka dirishani."

"Nimekuja kwake, si kwako," Merv akasema, akapita. Sebuleni akasimama wima mbele ya kiti cha bibi kizee. "Mama, nimeleta rufaa ya pambano la Takis Vrettos."

Mama Kalliroi alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. Mkongojo wake ulikuwa mapajani kama bunduki.

"Uliona au hukuona?"

"Sikuona, mama. Kamba ya kiatu ilifunguka."

"Jumapili zote?"

"Viatu vya zamani, mama, unavijua mwenyewe."

Despina alijiuma mdomo asicheke. Bibi kizee hakucheka.

"Binti yangu huyu ananiambia yalikuwa maigizo. Sasa nijibu kiume. Kile kilikuwa chuma, au kilikuwa karatasi?"

Nyuma ya kiti Despina alimtolea Merv macho, akatikisa kichwa kwa nguvu. Sema! Neno moja tu, waanze maisha. Merv alimtazama kwa huruma, akamgeukia mama.

"Chuma, mama. Chuma kitupu. Nilikishika kwa mikono hii."

Basi yameisha, Despina aliwaza. Amemchagua Baroni.

"Kwa hiyo Takis alidhulumiwa," mama akasema.

"Alidhulumiwa. Na leo natengua uamuzi." Merv aliinama, akamshika bibi kizee kifundo cha mkono, akauinua juu. "Mshindi, na bingwa halali, Takis Vrettos!"

Mkono ule mkavu ulibaki hewani. Kisha mabega ya Mama Kalliroi yakaanza kutikisika, na Despina akakimbia akidhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia pia.

"Despina, mwanangu, unadhani mama yako mpumbavu? Nilifanya kazi kiwanda cha nyama. Kishindo cha kipigo cha kweli nakijua. Nilijua yote tangu Jumapili ya pili."

"Ulijua? Sasa kelele zote za nini?"

"Baba yako ndiye hakujua." Sauti ya mama ilishuka. "Siku tano kazini msimamizi anamtukana kwa lugha asiyoielewa. Jumapili Takis akishinda, baba yako ameshinda. Mimi ningeanzaje kumwambia? Nilinyamaza mpaka nilipomzika. Baba yako alipomchukia refa, na mimi nilimchukia, maana nyumba moja haishabikii pande mbili."

"Na leo?"

"Leo nilikuwa namjaribu. Angesema karatasi, ningemfukuza na maua yake. Mwanamume anayejua kunyamaza asikuvunjie furaha, huyo, binti yangu, hapatikani sokoni."

"Nilimpata sokoni, Mama."

"Basi funga mdomo, umshike!"

Despina alimgeukia Merv. Aibu na mapenzi vilimpanda pamoja. "Nisamehe. Nilidhani hunipendi."

"Nakupenda mpaka nimevaa shati hili," Merv akasema, akapiga goti. Goti lilitoa mlio. Akajaribu kujirekebisha, mguu wa pili ukateleza kwenye zulia, na refa mzima akalala chali sebuleni, kifungo kimoja kikiruka hadi chini ya kabati.

"Despina," akasema akiwa hukohuko sakafuni, "unioe tu, mimi kuinuka sidhani."

Mkongojo wa Mama Kalliroi ulipiga sakafu, kama refa anayehesabu hadi tatu mwanamieleka akilazwa chali. "Moja!"

"Mama, acha mzaha! Ameumia!"

"Mbili!"

Despina akajitupa chini na gauni lake la kanisani, akamkumbatia Merv kifuani na uzito wake wote, huku akicheka na kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Tatu," Mama Kalliroi akasema kwa sauti ndogo, akaegemea kiti. "Sasa mmoja wenu akatazame nyama, inaungua."