Jina Alilolijua Serafina

Asubuhi ile mtaani kwetu Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, hakukuwa na neno. Ndege ya asubuhi ilikuwa imeshatua, jua limeanza kuchoma, na jirani yetu Serafina alikuwa uani akianua nepi. Huyu ni nesi wa jeshi. Alikwenda vitani Kongo na kikosi cha kulinda amani, akarudi mzima, mtaa mzima tukampokea kwa vigelegele. Mumewe Meshack alikuwa zamu mgodini Bulyanhulu. Mwanawe wa kwanza alikuwa ndani, analia.

Mtoto kulia ni kawaida, mtasema. Huyu alikuwa halali wala hanyonyi, sauti imemkauka na bado analia. Hospitali walimpima wakasema hawaoni ugonjwa, naye anakwisha hivi hivi mbele ya macho ya mama yake. Halafu kulikuwa na lile paja la kushoto. Alizaliwa na alama nyekundu iliyolizunguka lote. Mkunga alisema ni kitovu kilimviringa, Serafina akaitikia. Lakini upana ule aliujua. Ni wa mkanda wa kuzuia damu.

Mama mkwe wake, Bibi Mbuke, akaja kutoka kijijini. Kwa Wasukuma jambo hili si geni: mtoto akilia namna ile, kuna marehemu anataka jina lake. Mnayataja majina ya marehemu moja moja, likitajwa lenyewe mtoto hunyamaza. Bibi akampakata, akaanza na wa kwao. Bujiku. Mihayo. Masalu. Akahamia ukoo wa Serafina, akaumaliza wote. Mtoto akazidi kulia.

"Fikiri vizuri, mayu," bibi akanong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hakuna uliyemsahau?"

Serafina akatikisa kichwa. Mwongo mkubwa. Jina lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya kujifungua.

Lilikuwa la Valerian, askari kijana wa Ushirombo, aliyeletwa hemani paja limepasuliwa na bomu. Serafina alimfunga mkanda, akamwambia, "Nakuja sasa hivi." Makombora yakaanza kuanguka, akakimbilia handakini. Hakurudi. Yalipotulia, alikaa humo humo kwa woga, akimsikia kijana anaita sista, sista, kama manesi wanavyoitwa, mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi nyumbani alikwenda kumpa pole mama yake Valerian, akamwambia alimshika mwanawe mkono hadi mwisho. Yule mama akamshukuru, akamchinjia jogoo. Naye akala. Jamani, akala.

Mara kilio kikakatika. Mtoto hakuwa amenyamaza. Pumzi ilikuwa haipandi. Midomo ikawa ya kijivu.

"Valerian," Serafina akasema.

Mtoto akavuta pumzi. Akafumbua macho, akamtazama mama yake. Alimtazama kama mtu mzima anayesubiri jibu.

Bibi akauliza huyo ni nani. Serafina akasema ni askari mwenzake, alimshika mkono hadi mwisho.

Kilio kikarudi. Safari hii kikali zaidi.

"Nilimwacha," Serafina akasema, machozi yanamtiririka. "Alikuwa ananiita. Nilimsikia. Nikamwacha."

Kilio kikakoma. Mtoto akageuza uso, akatafuta ziwa, akanyonya.

Jina wakampa. Bibi akasema limebaki jambo moja tu: mama wa mwenye jina naye aambiwe ukweli. Serafina akaapa atakwenda Ushirombo. Mpaka leo hajaenda. Mara mvua, mara kazi, mara mtoto bado mdogo. Ukimtazama usoni unaona kabisa kwamba ni kuogopa, na kwamba anajichukia kwa kuogopa huko.

Mtoto sasa anatembea, anaongea. Alama pajani haijafutika, inazidi kukolea. Meshack anamwita baba, Mbuke anamwita bibi, vizuri kabisa. Ila Serafina akifika mlangoni akasema anakuja sasa hivi, mtoto huacha mchezo wake na kumwita, kwa sauti iliyokauka ya mtu mzima.

Hamwiti mama. Anamwita sista.