Mlinzi Afungiwe

"Fukieni! Na huyo mwendawazimu mfukieni humo humo!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Selemani, mwenyekiti wa kamati ya shule yetu.

Mwendawazimu aliyekuwa anamsema... ni mimi.

Nilikuwa nimelala chali ndani ya kaburi, mzima wa afya, na koleo la kwanza la udongo lilikuwa limeshaniangukia kifuani!

Jamani, msinicheke. Sikuanguka. Niliingia mwenyewe. Na jeneza la rafiki yangu Raymundi lilikuwa pale juu, linasubiri nitoke.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Lukumani, Mzaramo wa Maneromango. Miaka ile watu walipokuwa wanabebwa kwa malori kuhamia vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kipya kati ya Tabora na Sikonge, kando ya njia ya kale ya misafara. Njia waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Aliyeshindwa kuendelea alifukiwa pale pale alipoangukia.

Juu ya makaburi yao, kamati ikajenga bani la shule.

Bani ni jengo la kukaushia tumbaku. Ubavuni lina kijumba cha kuchochea moto, na moto huo haufai kuzimika usiku wala mchana. Shule ilikuwa na shamba lake la tumbaku, ndiyo elimu ya kujitegemea. Sawa. Tatizo likawa nani akeshe na moto.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kisa chote kimekaa kwenye neno moja.

Walimu tulikuwa na tawi la chama chetu. Mwenyekiti wa tawi alikuwa Mwalimu Ambrosi, kaka yangu wa hiari, aliyenipokea kijijini na kunipa kitanda chake wiki ya kwanza nikiwa sina hata mkeka. Yeye ndiye aliyenituma niwe nakaa kwenye vikao vya kamati ya shule, nisikilize wanaamua nini juu yetu.

"Mdogo wangu," aliniambia, "wewe ni malenga. Watu wale wanaua kwa neno. Kazi yako ni kulinda neno."

Nikavimba kichwa! Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwa vidole, na nilijua hakuna wa kunipita kutoka Sikonge hadi Kipalapala.

Basi nikaenda kikaoni. Nikamsikia Mzee Selemani kwa masikio yangu.

"Mwalimu wa zamu atalala bani. Na mlinzi huyo afungiwe mlango kwa mnyororo."

Nikasimama. "Afungiwe? Kama mbuzi?"

"Kaa chini, mwalimu. Wewe ni msikilizaji, si msemaji."

Nikakimbia kwa Ambrosi. Akanishika bega.

"Niachie mimi. Nitalimaliza."

Nikalala usingizi wangu, nikijua kaka yupo.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mwenzangu Raymundi. Asubuhi tukamkuta ameanguka nyuma ya mlango, moshi umemmaliza, kucha zake zimejaa vibanzi vya mbao.

Lakini mlango haukuwa umefungwa kwa nje! Mnyororo haupo!

Kamati ikakaa saa ile ile. Mzee Selemani akatoka nje, akatangaza mbele ya watu:

"Tulisema mlinzi ajifungie, wezi wasiingie. Marehemu alijifungia, akaziba matundu yote. Alikuwa na mawazo yake. Au wapagazi wamemwita."

Ajifungie...

Mmeliona neno? *Afungiwe* limegeuka *ajifungie*. Silabi mbili tatu tu, na mtu aliyeuawa ameshakuwa mtu aliyejiua!

Raymundi alikuwa Mkatoliki. Katekista Tobias, aliyemsimamia ubatizo, akainamisha kichwa.

"Kama alijifungia kwa makusudi, mimi siwezi kumsalia. Atazikwa kimya."

Mkewe Veneranda hakulia. Alisema sentensi moja tu.

"Wanangu wataitwa watoto wa aliyejiua mpaka wazeeke."

Nikamtazama Ambrosi. Nikangoja aseme kitu, maana nilikuwa nimempa neno lile likiwa bado la moto. Akatazama chini.

"Tusubiri, mdogo wangu. Wakati bado."

Na hapo ndipo kikohozi kilipoanza...

Mchana kweupe, jua la utosi, bani limefungwa kwa amri ya kijiji. Akina mama waliokuwa wanapita na kuni wakasikia mtu anakohoa ndani. Kikohozi kikavu, mara mbili, halafu kimya, kama mtu anayetega sikio.

Wakatupa kuni, wakakimbia.

Jioni nikakisikia mwenyewe. Nikaita, "Raymundi?"

Kikakohoa tena. Mara mbili. Kimya.

Basi kesho yake, tulipofika makaburini, bila nyimbo, bila sala, bila hata msalaba wa miti, nikajiuliza: mimi ni nani hapa? Mwalimu hasikilizwi. Mtu wa chama amenyamazishwa.

Nikajijibu: mimi ni Mzaramo. Na maiti huyu ni Mnyamwezi. Mimi ni mtani!

Babu zetu walitaniana kwenye njia ile ile, mizigo kichwani, wakazikana porini. Na mtani ana haki yake msibani. Akiingia kaburini akalala, hakuna anayezika mpaka aridhike. Kwa kawaida hupewa kuku, au sahani ya ubwabwa, akatoka anacheka.

Mimi sikutaka kuku.

Nikaruka ndani, puu!

"Hazikwi mtu! Hapa ni kwangu! Raymundi, tafuta kwingine, mguu wako mrefu utanipiga mateke!"

Watu wakacheka huku wanalia. Hivyo ndivyo utani ulivyo.

"Mtani, toka, tutakupa jogoo!" akasema mzee mmoja.

"Jogoo wenu amekonda kuliko mimi! Nataka neno. Mwenyekiti aseme lile neno la kikaoni, lile lile, nitoke."

Mzee Selemani akasogea ukingoni, kanzu inapepea.

"Kijana, mimi ni mtu wa Mtendeni. Babu yangu alitoka Manga, Uarabuni. Sina utani na Mzaramo. Unanitukana mimi!"

Alikuwa amenipata! Bila utani, mimi ni mhuni tu aliyevamia maziko. Ndipo akageuka kwa wachimbaji, akapiga ile kelele: fukieni! Koleo la udongo likanishukia...

"Wee! Koleo chini!"

Alikuwa mama mzazi wa Raymundi, Mayu Nyamizi. Alikuja akichechemea na mkongojo wake mpaka ukingoni.

"Mwenyekiti, kaburi hili lako?"

"Si langu, mama, lakini..."

"Basi hujaulizwa kabila. Utani ni wa mwenye kaburi. Mtani wa mwanangu, endelea, baba. Sema."

Jamani! Nililala pale chini, naona kipande cha anga tu na nyuso zimekizunguka, nikafumba macho nikahesabu mizani kwa vidole. Shairi likaja lenyewe:

"*Shimoni nimeingia, sitoki, na nijibiwe,*
*Raymundi kaumia, mwenyekiti tuambiwe,*
*Mlango kajifungia, au neno...*"

Nikanyamaza. Nikaacha kina kinaning'inia.

Ninyi mnajua watu wetu. Hawavumilii shairi lisilofungwa! Wanawake wakaitikia kwa pamoja, bila hata kufikiri:

"...*afungiwe!*"

"Sikusikia! Au neno...?"

"*Afungiwe!*"

"Mwenyekiti, hata vina vinakukataa! Sema, au hujui kuimba? Sauti ya kuamuru unayo, ya kuimba imekauka?"

Vicheko vikamchoma. Mzee wa watu akalipuka.

"Ndiyo, afungiwe! Tulisema afungiwe! Walimu mnatoroka kwenda kunywa pombe, moto unazimika! Lakini ufunguo wa mnyororo sikuwa nao mimi! Msinitazame mimi!"

Makaburi yote yakanyamaza.

Na katika kimya kile...

Kikohozi. Kikavu. Mara mbili. Kimya.

Mama mmoja akapiga yowe. Watu wakaanza kurudi nyuma, macho yote kwenye jeneza.

Lakini mimi nilikuwa chini, natazama juu. Nilimwona aliyekohoa. Alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, leso mdomoni.

Ambrosi!

Nikasahau utani. Nikasahau shairi.

"Kaka... kikohozi hicho ni cha moshi."

"Toka humo, mdogo wangu. Tutaongea nyumbani."

"Jana ndani ya bani ulikuwa unatafuta nini?"

Akakohoa tena. Leso ikadondoka kaburini, ikanifunika mkono. Ilikuwa na masizi.

"Mnyororo," akasema taratibu. "Asubuhi ile nilipomfungulia niliuficha kwenye majivu. Nikasahau mahali. Kila nikifukua siuoni..."

"Nani alimfungia?"

Alimtazama Veneranda. Alimtazama Mayu Nyamizi. Halafu akapiga magoti kwenye udongo.

"Mimi. Kamati iliniahidi ualimu mkuu nikikubali kushika ufunguo. Nilikusudia kumfungulia usiku wa manane, nikapitiwa na usingizi. Kelele zikaniamsha, alikuwa anapiga mlango, mama. Watu walisema ni wapagazi, wakajifunika. Na mimi nikasema ni wapagazi, nikajifunika."

Mayu Nyamizi hakumpiga. Hakumlaani. Aligeuka tu kwa katekista.

"Tobias. Umesikia neno?"

"Nimesikia, mama. Alifungiwa."

"Basi fungua kitabu chako."

Nikapanda juu, udongo mpaka masikioni, na Raymundi akazikwa kwa nyimbo. Ambrosi aliondoka na askari jioni ile. Mzee Selemani akapoteza kiti. Bani likabomolewa, na katika majivu yote yale, mnyororo haukuonekana. Mpaka leo.

Msimu uliofuata nikakaa tena kikaoni, karibu na mlango, mwenyekiti akiwa mwingine. Akaanza kufunga mkutano.

"Kwa hiyo tumekubaliana kwamba walimu walale shambani wakati wa..."

Hatukuwa tumekubaliana! Nikafungua mdomo nimkatize...

Sikuwahi.

Nyuma yangu, mlangoni, mtu alikohoa. Kikavu. Mara mbili. Halafu kimya, kama anayetega sikio.

Tukageuka wote. Mlango wazi. Jua. Hakuna mtu. Na Ambrosi alikuwa bado jela.

Mwenyekiti akajifuta jasho.

"Nilitaka kusema... tumependekeza. Tujadili."

Ndugu yangu unayesoma hapa, kaa macho kwenye vikao vinavyoamua maisha yako. Usimwachie mtu neno lako alimalize, hata akiwa kaka. Neno likigeuzwa silabi moja tu, mlango unafungwa kwa nje, na kesho wataapa kwamba ulijifungia.

Mimi siku hizi wala sihangaiki kukohoa kikaoni.

Yupo anayenikoholea.